Miaka Ishirini na Tisa ya Mama Kavetsa na Vikombe Vikavu

Mama Mildred Kavetsa, mpishi wa Shule ya Msingi ya Korosiot, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka ishirini na tisa na miezi tisa. Aliingia kazini Januari 1996 akiwa amebeba mwiko wake mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu shule ilikuwa na sufuria na haikuwa na mwiko. Sasa ana miaka sitini. Kwa muda wote huo hajachelewa hata siku moja, na kama mnadhani natia chumvi, muulizeni askari wetu wa lango, Mzee Kiplimo, ambaye huamshwa na yeye.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Kipyego, aliniomba mimi Gathogo, mwalimu wa Gredi ya Tano, niandike wasifu huu wa kijitabu cha sherehe ya leo. Alitaka ukurasa mmoja na nusu. "Kitu cha kufurahisha, Mwalimu, watu wacheke kidogo kabla ya chakula." Nitajaribu. Lakini ni vizuri niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira, na yeyote aliyekuja kucheka tu afungue ukurasa wa nyimbo, uko nyuma.

Hasira yangu ni hii. Ofisini kuna saa ya ukutani na blanketi zuri, vimefungwa kwa karatasi ya kumetameta, zawadi za Mama. Kwenye meza hiyo hiyo kuna kumbukumbu za mkutano wa bodi ya shule wa mwezi uliopita. Zinasema kwamba kuanzia Januari chakula kitaletwa kwa gari kikiwa kimeshapikwa, jiko litafungwa, na kazi ya Mama Kavetsa itafutwa pamoja na kila kitu alichokuwa akikifanya. Mama aliomba jambo moja tu. Aliomba msaidizi wake kwa miaka miwili sasa, Sylvia Jerop, abaki shuleni awe mtu wa kufuatilia watoto wasiofika. Bodi ikajibu kwa mstari mmoja: mahudhurio ya shule ni asilimia tisini na nane, kwa hivyo hakuna haja. Bodi itakutana tena Jumanne ijayo kupitisha uamuzi huo. Ndiyo maana siwezi kungoja mwaka ujao niseme ninachokijua.

Kwanza, kazi yenyewe, kwa sababu wageni wetu wanaweza kudhani tunamuaga mtu wa kukoroga uji. Kadi yake ya kazi imesema "Mpishi" tangu 1996. Hakuna aliyewahi kufikiria kuibadilisha, nami nimo.

Mwaka 1998 shule ilipata msaada wa vikombe vya plastiki. Mama akaandika namba kwenye kila kikombe kwa rangi nyekundu, akapigilia misumari kwenye mbao, ubao mmoja kwa kila darasa, na kila mtoto akawa na kikombe chake na msumari wake. Saa nne watoto hunywa uji, huosha vikombe, huvitundika. Siku moja, hivi ndivyo anavyosimulia, alikuwa anapita akaona kwamba baadhi ya vikombe havidondoshi maji. Akavigusa. Vilikuwa vikavu. Akahesabu vikombe vikavu vya Darasa la Tatu, vikawa tisa, kisha akaenda kumuuliza mwalimu wa Darasa la Tatu ni watoto wangapi hawakuja. Mwalimu akasema wawili.

Tangu siku hiyo Mama Kavetsa hakuamini tena rejista. Kila siku saa nne na nusu alipita kwenye mbao zote akigusa vikombe kwa kidole, na kila kikombe kikavu alikiandika kwenye daftari la hesabu la kurasa mia mbili. Madaftari hayo yako ishirini na sita. Kuna mwalimu mmoja mgeni aliwahi kumwambia kwamba huenda mtoto yupo ila amekataa uji. Mama akamtazama kwa huruma. "Mtoto wa mtaa wetu huu wa Munyaka akatae uji saa nne, na baridi hii? Huyo pia ni mgonjwa, mwalimu. Mlete nimuone."

Saa nane, sufuria zikishaoshwa, alivua aproni na kwenda kwenye mitaa kuulizia watoto. Hakutumwa na mtu. Alibisha, akasalimia, akakalishwa, akanywa chai hata kama ni ya rangi, na hakuuliza swali lolote la shule mpaka kikombe kiishe. Ndipo alipogundua kwamba neno "mgonjwa" tulilokuwa tukiliandika sisi walimu, siku tulizokumbuka kuandika chochote, lilikuwa limefunika mambo ishirini tofauti. Huyu alikuwa na funza miguuni na aliona aibu kuvua viatu. Huyu kifua kilimbana kila Julai. Huyu msichana alikaa nyumbani siku nne kila mwezi na mama yake alidhani ni kawaida. Huyu jino lilimuuma tangu Krismasi. Wengi wao hawakuhitaji hospitali kubwa. Walihitaji mtu mmoja aje aulize.

Basi akaanza kuyashughulikia moja moja kutoka jikoni kwake. Msimu wa mvua watoto walifika wamelowa na kukaa na sweta mbichi mpaka jioni. Mama akafunga kamba juu ya moto, sweta zikakauka kabla ya mapumziko, na shule nzima ikanuka moshi. Wazazi wengine walilalamika kuhusu moshi. Aliwaambia nguo ikinuka inafuliwa, lakini kifua kikiharibika hakianikwi kambani. Ijumaa aliweka karai la maji ya moto na dawa na kutoa funza, mlango umefungwa ili mtu asichekwe. Ndani ya debe lililoandikwa "Unga wa Wimbi" mlikuwa na pedi za wasichana, na kila msichana wa shule alijua hivyo, na hakuna mvulana hata mmoja aliyejua mpaka leo hii ninapoandika. Samahani, Mama, siri imetoka.

Alikuwa na utani wake. Mimi aliniita "Mwalimu wa Kalamu" tangu wiki niliyohamishiwa hapa, mwaka 2014. Nilidhani ni sifa. Nilikaa mwaka mzima nikijivuna kabla deputi wetu, Bi Wangari, hajanielezea kwamba Mama alikuwa akisema, "Yule anahesabu na kalamu, mimi nahesabu watoto." Kwa kweli niliudhika. Niliona ni mpishi anayejifanya mkaguzi. Naomba mkumbuke neno hilo, "anayejifanya", kwa sababu nililisema kwa kinywa changu kwenye chumba cha walimu na wenzangu wakacheka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Sisi walimu wa Korosiot tuna tabia. Hatukuizua sisi, tuliikuta, lakini tumeilea vizuri. Jumatatu asubuhi mwalimu anafungua rejista na kuweka alama za wiki nzima kwa mkupuo, kila mtoto yupo, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha anaifunga na kwenda kufundisha. Tunajitetea kwamba madarasa ni makubwa, muda ni mdogo, na mwisho wa muhula ofisi haitaki kuona mahudhurio yamepungua. Darasa lenye asilimia ya juu linapigiwa makofi gwarideni. Mwalimu wa darasa lenye asilimia ya chini anaitwa ofisini. Mwenye akili anajifunza haraka.

Na tulikuwa na sheria, ambayo hiyo ilikuwa na muhuri wa bodi kabisa. Mtoto akionekana mgonjwa arudishwe nyumbani, na asikanyage darasani mpaka alete barua ya hospitali iliyopigwa muhuri. Ilitungwa kuzuia watoto wanaojifanya wagonjwa. Sijui aliyeitunga alikuwa anamfikiria mzazi gani. Mzazi wa kwetu anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kwenda kupalilia au kuvuna shamba la mtu. Akikosa siku kwa ajili ya barua amekosa siku ya chakula. Kwa hivyo mtoto aliyeugua siku mbili alikosa shule wiki mbili akingoja karatasi.

Novemba 2022, wiki za mavuno, Mama Kavetsa alifiwa na dada yake. Alienda Vihiga kwa mazishi na akakaa huko siku kumi na tatu. Tulimchangia, tukaweka kibarua jikoni, na kibarua akapika uji vizuri tu. Hakuna aliyegusa vikombe. Haikuwa kwenye orodha ya kazi zake, na haikuwa kwenye orodha ya kazi za mtu yeyote.

Jumanne ya wiki ile ya kwanza, msichana wa darasa langu anayeitwa Chebet alikuja akikohoa. Alikohoa kipindi cha hesabu, akakohoa kipindi cha Kiingereza, wenzake wakaanza kumwiga. Nikakasirika. Nikamwambia aende nyumbani na arudi na barua. Alisimama kidogo mlangoni, kama anayetaka kusema kitu, nikamwonyesha lango kwa chaki. Alikuwa na miaka kumi.

Rejista ilikuwa imeshawekwa alama mpaka Ijumaa. Jumatatu iliyofuata niliweka alama za wiki ya pili bila kuinua kichwa. Nilikuwa na watoto hamsini na wanne. Niliona nafasi kwenye dawati lake, hilo siwezi kukana. Niliona wenzake wawili wamekaa kwa raha badala ya kubanana, na nikafurahi kwamba hawagombani tena.

Mama alirudi kazini Jumatatu ya wiki ya tatu, bado amefunga kitambaa cheusi kichwani. Saa nne na nusu alisimama kwenye mlango wa darasa langu. "Mwalimu, kikombe namba kumi na saba ni kavu, tena kina vumbi. Chebet ako wapi?"

Nikamwambia yupo.

Akaniangalia. Mimi, msomi wa chuo cha ualimu, nikafungua rejista mbele ya darasa zima nikamwonyesha kwa kidole. Alama moja, mbili, tatu, mpaka tisa, biro ya bluu, zimenyooka vizuri. Na ya kumi, ya siku ile ile, ilikuwa imeshakauka. Mama hakuziangalia. Akasema, "Basi mwite."

Nikaita. Naapa niliita, "Chebet!" kwa sauti, nikangoja. Ndipo mtoto mmoja wa dawati la mbele akasema, "Ticha, si ulimfukuza wiki ile ingine?"

Mama hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alivua aproni pale pale mlangoni, akaikunja, akamkabidhi mtoto wa karibu, na kuniambia, "Wewe baki uhesabu." Akaenda.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye. Mama yake Chebet alikuwa kwenye mashamba ya mji wa Ziwa akivuna mahindi, analala huko huko mpaka mwisho wa wiki. Mtoto alikuwa na nyanya yake ambaye haoni vizuri, kwenye chumba kimoja cha mabati. Kila siku Chebet alimwambia nyanya yake kwamba ataenda shule akipata barua, na nyanya alimwambia angoje mama yake. Kikohozi kikawa homa, homa ikawa kupumua kwa haraka. Mama Kavetsa alimkuta amelala chini, midomo imebadilika rangi. Hakungoja barua wala mzazi. Alisimamisha pikipiki ya kwanza ya boda, akampakata mtoto katikati, na kumwambia dereva aende, nauli watajuana mbele.

Ilikuwa nimonia, mapafu yote mawili. Daktari alisema siku moja zaidi na asingekuwa na la kufanya. Chebet alilazwa siku kumi na moja.

Nilienda kumwona na machungwa. Nilimkuta mama yake amekaa kando ya kitanda, bado ana viatu vya shambani. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante sana, Mwalimu, kwa kumtuma Mama Kavetsa. Bila wewe mtoto wangu angekufa." Mama Kavetsa alikuwepo. Alisikia. Aliinama akaanza kumenya chungwa. Na mimi nikajibu, "Ni kazi yetu."

Miaka mitatu sijalala vizuri kwa sababu ya maneno hayo matatu. Mama wa Chebet, uko hapa leo, nimekuona kwenye orodha ya wageni. Sikumtuma mtu. Mimi ndiye niliyemfukuza mtoto wako, na kwenye rejista yangu alikuwa darasani siku zote alizokuwa akizidiwa. Ulimshukuru asiyestahili, na nikakuacha umshukuru.

Chebet alipona. Yuko Gredi ya Nane, anakimbia mbio za mita elfu moja na mia tano, na leo ndiye atakayemvisha Mama maua. Mpigieni makofi.

Baada ya hapo Mama aliishughulikia ile sheria. Aliomba kuzungumza na bodi mara mbili, akaambiwa wafanyakazi wasio walimu hupitia kwa mwalimu mkuu. Basi siku ya mkutano akaingia na birika. Mwenyekiti wetu, Mzee Munene, ambaye wengi mnamjua kwa duka lake la mbegu na dawa za mifugo, akamuuliza ni nani amemwita. Mama akasema, "Nimeleta chai." Akamimina chai kwa watu kumi na mmoja, polepole, na alipomaliza hakutoka. Alisimama na birika mkononi akawasomea daftari. Jina la mtoto, siku alizougua, siku alizongoja barua. Jina lingine, siku alizougua, siku alizongoja barua. Alisoma robo saa. Chai ikapoa. Inasemekana Mzee Munene ndiye aliyeomba anyamaze, na ndiye aliyetoa hoja kwamba sheria ifutwe, nami nampa heshima yake kwa hilo. Tangu Januari 2023 mtoto akipona anarudi, na neno la mzazi kwa Mama Kavetsa linatosha.

Matunda yake yako kwenye daftari. Mwaka 2019 watoto wetu walipoteza siku elfu tatu na mia moja kwa sababu ya magonjwa. Mwaka jana walipoteza elfu moja na mia mbili. Shule hii haikuongezewa daktari, wala muuguzi, wala dawa. Tofauti yote ni sheria moja iliyofutwa, na mwanamke mmoja mwenye aproni anayetembea kwa miguu baada ya kazi.

Sasa, hizo asilimia tisini na nane.

Baada ya Chebet niliapa kwamba nitaandika ukweli. Niliandika ukweli muhula mmoja. Darasa langu likawa la mwisho shule nzima, asilimia themanini na sita. Niliitwa ofisini. Sikutishwa, nisimsingizie mtu. Niliambiwa tu kwa upole kwamba takwimu zangu zinaangusha shule na niangalie kama zinaweza kurekebishwa. Na nikazirekebisha. Nilijua Chebet alifikia wapi, nilijua kikombe namba kumi na saba, na bado nikachukua biro. Mwisho wa mwaka huo shule ilipewa cheti cha mahudhurio bora, na kiko ukutani ofisini, kwenye fremu. Nusu ya wino wake ni wangu.

Jana Alhamisi nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka kumi na moja iliyopita. Saa nne na nusu nilienda jikoni na kupita kwenye mbao zote na Sylvia, tukigusa vikombe. Shule ina watoto mia nane na kumi na wawili. Rejista zote kwa pamoja zinasema jana walifika mia saba tisini na saba. Vikombe vyenye maji vilikuwa mia saba na kumi na vitano. Hiyo si asilimia tisini na nane. Ni themanini na nane. Watoto themanini na wawili walikuwa shuleni kwenye karatasi tu, na hiyo ndiyo karatasi ambayo bodi inaitumia kusema hakuna haja ya mtu wa kuwafuatilia. Jamani! Tumedanganya kwamba watoto wapo, halafu kwa uongo huo huo tunamfukuza Sylvia, mtu pekee aliyebaki anayejua kwamba hawapo!

Walimu wenzangu, najua mtanikasirikia. Kasirikeni. Sikutaja jina la yeyote ila langu. Lakini Jumanne bodi ikipitisha uamuzi huu, Januari itakuwa Novemba ile ya 2022, tofauti yake ni kwamba Mama hatarudi baada ya siku kumi na tatu. Nawaomba kila mmoja aende na rejista yake kwa Mzee Munene kabla ya Jumanne na kumwambia ukweli. Mzee Munene, nakuomba na wewe uwasikilize kama ulivyomsikiliza Mama na birika lake. Sylvia ameshafundishwa. Anazijua nyumba. Anajua kunywa chai kwanza.

Ukurasa huu mwalimu mkuu hakuuona kabla ya kuchapishwa. Nilimwambia uko kwa mchapishaji, na ulikuwa huko. Samahani, Bwana Kipyego, uliniamini. Rejista zangu za miaka yote, pamoja na barua yenye jina langu na saini yangu, mtakaposoma haya nitakuwa nimeshazipeleka leo asubuhi ofisi ya elimu kabla ya kuja hapa. Wakiona nisimamishwe kazi, sitakata rufaa.

Mama Kavetsa, asante. Asante kwa uji, kwa sweta zilizonuka moshi, kwa miguu ya watoto uliyoishika mapajani mwako, kwa nyumba zote ulizoingia. Asante kwa kumenya lile chungwa na kuninyamazia, ingawa siku hizi nadhani ungenisaidia zaidi kama ungesema. Hukuwahi kuniuliza tena kuhusu siku ile. Ulianza tu kuniita Mwalimu, basi, bila ile Kalamu, na mimi nilikuwa bado ninayo mkononi.

Katika darasa langu jana hawakufika watoto watano, na nimewaandika hivyo. Watatu, Mama ameshajua waliko na wanachougua. Wawili hajawafikia. Jioni aliniambia atapita kwao leo baada ya sherehe, awapelekee na keki. Hapana, Mama. Leo wewe ndiye mgeni wa heshima. Nitaenda mimi, kwa hivyo msinitafute kwenye picha ya pamoja. Nyumba ya kwanza ulinielekeza, ni ya kina Kiptoo, nyuma ya kanisa. Ya pili siijui, na nimemfundisha mtoto huyo mwaka mzima. Nitauliza njiani.

Wewe kaa, Mama, ule keki yako. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wasumbufu, na akupe miaka mingi ya kuamka jua likiwa limeshapanda.